Kununua Nyumba au Ploti Suneka: Jinsi ya Kumjua Ajenti Mzuri Kabla Hujatuma Pesa

Kutuma KSh 250,000 kwa simu huchukua sekunde chache. Kuzipata tena baada ya kugundua kwamba ploti uliyolipia ina mwenyewe mwingine kunaweza kuchukua miaka, na wakati mwingine hazirudi kabisa. Ndiyo maana leo tunazungumza na wewe unayetafuta nyumba au mahali pa kujenga pale Suneka na viunga vyake, na unaendelea kupigiwa simu na mtu anayesema, "Boss, nimekupatia ploti safi, lakini lazima tuchangamke."

Suneka iko kilomita chache tu kutoka mjini Kisii, kwenye barabara kuu ya kwenda Migori, na ina uwanja wake mdogo wa ndege. Unaweza kuishi hapa na ufanye kazi au biashara mjini kila siku. Hiyo ni sifa nzuri kwa mtu anayetafuta makao. Pia ni sifa inayowavutia mabroka wengi, wazuri na wabaya.

Makala hii itakusaidia kuwatofautisha. Pia itakuonyesha njia ambayo pesa yako inafaa kupitia, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huumia.

Broka na ajenti aliyesajiliwa si kitu kimoja

Kwanza tuelewane: tukisema ajenti hapa hatumaanishi yule wa kuweka na kutoa pesa dukani. Tunamaanisha mtu anayelipwa ili akuunganishe na muuzaji wa nyumba au ardhi.

Nchini Kenya kazi hiyo ina sheria yake: Sheria ya Maajenti wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, ya mwaka wa 1984. Sheria hiyo iliunda bodi ya kusajili maajenti, inayojulikana kwa kifupi kama EARB. Mtu hapaswi kufanya kazi hii bila kusajiliwa na bodi hiyo, na ajenti aliyesajiliwa anatakiwa kuwa na cheti cha kufanya kazi cha mwaka huo. Sheria inamtaka pia aweke pesa za wateja kwenye akaunti ya benki iliyo kando na pesa zake mwenyewe. Hiyo akaunti ya wateja ni kinga yako. Pesa yako isichanganywe na pesa ya ajenti ya karo, mafuta ya gari na chakula cha nyumbani.

Sasa tuseme ukweli. Wengi watakaokuonyesha ploti Suneka si maajenti waliosajiliwa. Ni mabroka: mwendesha boda anayejua nani anauza, mwenye duka, jirani, au hata binamu yako. Hatusemi wote ni walaghai. Wengine wanajua historia ya kila boma kuliko karatasi yoyote. Lakini kujua ni nani anauza ni kitu kimoja, na kushika pesa za watu ni kitu kingine.

Kwa hivyo shika kanuni hii moja hata ukisahau mengine yote: broka anaweza kukuonyesha njia, lakini asishike pesa ya ardhi. Akuonyeshe, akujulishe kwa mwenye ardhi, alipwe komisheni yake kazi ikikamilika. Mambo ya mkataba na bei ya ardhi yabaki kati yako, muuzaji na mawakili.

Maswali matano ya kumwuliza kabla hujapanda boda kwenda kuona ploti

1. *Umesajiliwa na EARB? Naomba nambari yako na cheti cha mwaka huu.* Akikupa, usiishie hapo. Wasiliana na bodi mwenyewe uthibitishe. Cheti cha kuchapishwa kwa kompyuta hakina maana kama jina haliko kwenye orodha ya bodi.

2. *Ofisi yako iko wapi?* Ukiambiwa "mimi hupatikana tu kwa simu," weka alama ya kuuliza. Kama ana kampuni, unaweza kuomba taarifa za usajili wake kupitia eCitizen uone wakurugenzi ni akina nani.

3. *Unamfanyia kazi nani, mimi au muuzaji?* Kwa kawaida anayeuza ndiye humlipa ajenti. Huyo ajenti basi anatafuta bei nzuri kwa muuzaji, na hilo si kosa, mradi wewe unajua. Akisema analipwa na pande zote mbili, taka jambo hilo liandikwe na muuzaji pia alijue.

4. *Komisheni yako ni ngapi na inalipwa lini?* Jibu zuri lina kiasi, lina wakati, na liko kwenye karatasi. Ajenti mzuri hukubali kulipwa kazi ikifika mahali mlipokubaliana. Anayetaka komisheni yote kabla hujaona hatimiliki hana sababu ya kuendelea kukushughulikia.

5. *Naweza kuongea na mwenye ardhi mwenyewe?* Hapa ndipo wengi huanguka. Broka anaweza kuogopa kwamba mtamzunguka msimlipe komisheni yake. Hofu hiyo inaeleweka, na dawa yake ni kuandikiana naye makubaliano. Lakini akikataa kabisa usimwone mwenye ardhi mpaka ulipe, achana naye.

Kuhusu ada ya kuonyeshwa ploti: wapo wanaoiomba, hasa pesa ya usafiri. Kama utalipa, iwe kiasi kidogo, baada ya kuonyeshwa. Kuna watu ambao biashara yao yote ni hiyo ada. Hawana ploti yoyote ya kuuza, wana picha tu kwenye simu.

Ajenti mzuri haogopi karatasi

Ukitaka kumpima mtu haraka, mwambie, "Nitafanya sachi mwenyewe." Ajenti wa kweli atakupa nakala ya hatimiliki siku hiyo hiyo. Tapeli atakuambia ameshaifanya, au atakuletea karatasi ya sachi ya mwaka jana.

Sachi ni upekuzi rasmi wa rekodi za ardhi. Kwa ardhi ya Suneka, ofisi ya usajili iko mjini Kisii. Matokeo yatakuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna mkopo wa benki au zuio lililowekwa juu yake. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha anayejiita muuzaji. Ifanye mapema, kisha uirudie kabla ya kulipa salio, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa hapo katikati.

Kuna mambo mengine ambayo huku Gusii yanahitaji jicho la ziada:

*Ardhi bado iko kwa jina la babu.* Hili ni jambo la kawaida sana. Mzee alifariki, wana waligawana kwa mdomo, kila mmoja anajua mpaka wake, na sasa mmoja anauza "sehemu yake". Kisheria, mali ya marehemu haiwezi kugawanywa mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi na kuithibitisha. Kabla ya hapo, huyo mwana hana cha kukuuzia hata kama amelima pale miaka 30. Ajenti akikuambia "hiyo ya urithi itafuatiliwa polepole," mwambie malipo nayo yatafuata polepole.

*Mke au mume hajui.* Kama ardhi ni makao ya familia, idhini ya mwenzi wa ndoa inahitajika. Kaa na familia, ongea na mama wa boma. Watoto wakubwa na ndugu nao wasikilizwe. Si kila mmoja wao ana haki ya kuzuia mauzo, lakini ni heri usikie malalamiko kabla ya kulipa kuliko kuyasikia ukiwa unamwaga msingi.

*Bodi ya Udhibiti wa Ardhi.* Ardhi ya kilimo haiuzwi kama simu ya mkononi. Sheria ya mwaka wa 1967, Sura ya 302, inataka idhini ya bodi hii, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe sahihi. Bila idhini, mauzo ni batili. Sasa sikiliza vizuri sehemu hii: mauzo yakibatilika, sheria inakuruhusu kudai pesa yako kama deni, lakini kutoka kwa yule uliyemlipa. Kama ulimtumia broka, basi unamdai broka. Mwenye ardhi atakuambia hajawahi kuona shilingi yako, na atakuwa anasema kweli.

*Vipimo.* Watu husema "eighth" na "fifty by hundred" kana kwamba ni kitu kimoja. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, kwa hivyo moja ya nane ni 5,445. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni 5,000. Tofauti ni futi za mraba 445, eneo la kutosha kuweka jikoni, choo na tangi la maji. Lete mpima ardhi aliyeidhinishwa, umchague wewe na si broka, aonyeshe bikoni kwa macho yako. Na kama unauziwa kipande cha shamba kubwa, uliza kama mgawanyo umesajiliwa na kipande chako kina nambari yake.

*Ploti iko wapi hasa?* Mashamba mengi ya Gusii huanzia juu kwenye barabara na kuteremka mpaka mtoni. Sehemu ya chini inaweza kuwa ya bei nafuu kwa sababu huruhusiwi kujenga ukingoni mwa mto, na sheria inaacha angalau mita 6. Sehemu ya juu nayo inaweza kuwa imeingia kwenye hifadhi ya barabara kuu. Na ukiwa karibu na uwanja wa ndege, majengo ya ghorofa yanahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Ajenti mzuri atakuambia haya kabla hujauliza, hata kama yanaweza kumfanya akose mauzo. Ukimpata wa aina hiyo, hifadhi namba yake.

Pesa ipite wapi?

Hapa ni kwetu, kwa hivyo tutakuambia wazi. Pesa za kununua makao ni za aina tofauti, na kila moja ina njia yake.

- Ada za serikali, kama sachi: lipa mwenyewe kupitia eCitizen. Paybill ya serikali ni 222222. Mtu akikuambia ada ya serikali inatumwa kwa namba yake binafsi, jua unachangia mfuko wake.

- Ushuru wa stempu: ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. Kwa ploti ya KSh 1,500,000, hiyo ni KSh 30,000 au KSh 60,000. Ulizia mapema ploti yako iko upande gani, kwa sababu tofauti hiyo inaweza kuvuruga bajeti. Ushuru huu unalipwa na mnunuzi, na unaenda KRA. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo ni asilimia 15 ya faida, ni ya muuzaji. Usikubali kusukumiwa.

- Malipo ya kwanza: kwa kawaida huwa asilimia 10 ya bei. Yalipwe baada ya mkataba kuandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, si kabla. Sheria inasema mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi. Kikaratasi cha "nimepokea elfu hamsini za ploti" chenye sahihi ya broka hakikufikishi mbali.

- Salio: lipite benki, kwenye akaunti ya wateja ya wakili, kulingana na mkataba. Ndiyo, sisi ni watu wa malipo ya simu na tunakuambia utumie benki. Kwenye M-PESA, kwa mfano, kikomo cha muamala mmoja ni KSh 250,000 na cha siku ni KSh 500,000. Kulipa KSh 1,500,000 kungechukua miamala sita kwa siku tatu. Ukianza kugawanya kwa namba za mke wa broka, shemeji yake na rafiki yake "kwa sababu yangu imejaa", siku ya kesi utaeleza vipi?

- Komisheni: hii unaweza kulipa kwa simu bila shida, kwa namba au till yenye jina lililo kwenye makubaliano yenu.

Kabla ya kubonyeza tuma, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama mkataba unasema jina moja na skrini inasema lingine, simama. Usiulize broka kama ni sawa. Muulize wakili wako. Na ukishatuma, hifadhi ujumbe wenye nambari ya muamala, kisha kila mwezi omba taarifa ya akaunti yako na uiweke kwenye faili moja na mkataba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lako siku hizi liko kwenye simu.

Wakili naye mpime. Tovuti ya Chama cha Mawakili wa Kenya, LSK, hukuwezesha kutafuta jina la wakili na kuona kama ana leseni ya mwaka huo. Chagua wakili wako mwenyewe. Wakili aliyeletwa na broka, anayemfanyia kazi muuzaji, hawezi kuwa mlinzi wako.

Tuseme imefika jioni na simu inalia

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Umeona ploti Jumamosi, umeipenda. Jumapili jioni broka anapiga: kuna mtu wa Nairobi yuko njiani na pesa taslimu. Tuma KSh 50,000 ya kushikilia, kesho tutaandika.

Hapo ndipo ajenti mzuri na mbaya hutengana. Mzuri atasema, "Kuna mnunuzi mwingine, kwa hivyo kesho asubuhi leta wakili wako tukutane na mwenye ardhi." Mbaya atasema, "Tuma sasa." Wote wawili wamekuharakisha. Tofauti ni kwamba wa kwanza amekuharakisha uende kwenye mkataba, na wa pili amekuharakisha umpelekee pesa.

Jibu lako liwe fupi: "Nashukuru. Nitalipa tukiandikiana na mwenye ardhi." Kama ploti itaenda kwa mtu wa Nairobi, iende. Kukosa ploti kunauma kwa wiki moja. Kununua kesi kunauma mpaka kwa watoto wako.

Ukiwa mbali na nyumbani

Watu wengi wa Kisii wananunua wakiwa Nairobi, Mombasa, Qatar au Minnesota. Kwao ajenti ndiye macho. Kama ndiwe huyo, fanya mambo matatu. Kwanza, usitumie mtu mmoja kwa kila kitu: anayekutafutia ploti asiwe ndiye anayefanya sachi wala anayepokea pesa. Pili, kama mtu atatia sahihi kwa niaba yako, hata awe ndugu yako wa tumbo moja, apewe hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili na kusajiliwa, yenye kusema anaruhusiwa kufanya nini hasa. Tatu, hakikisha hatimiliki inatoka kwa jina lako na PIN yako ya KRA. "Tuliiweka kwa jina la kaka kwa muda" ni sentensi ambayo imevunja familia nyingi.

Kama tayari umetuma na umeanza kuwa na shaka

Usimtumie tena hata shilingi "ya kukamilisha". Tupigie kwenye huduma kwa wateja mara moja, lakini ujue jambo hili: kurudisha muamala kumetengenezwa kwa mtu aliyekosea namba. Kama ulituma kwa mtu uliyemkusudia, na pesa tayari imetolewa, sisi hatuwezi kuirudisha kwa kubonyeza kitufe. Nenda kituo cha polisi, andikisha ripoti na upewe nambari ya OB. Beba ujumbe wa miamala, taarifa ya akaunti, mazungumzo ya WhatsApp na picha za ploti. Usifute chochote kwa hasira. Kama alijiita ajenti aliyesajiliwa, ripoti pia kwa EARB. Kisha muone wakili.

Kwa ufupi, kabla ya kutuma

- Nimethibitisha usajili wa ajenti, au nimeamua huyu ni broka na hatashika pesa yangu.
- Nimeonana na mwenye ardhi na familia yake.
- Nimefanya sachi mwenyewe au kupitia wakili wangu.
- Mpima ardhi wangu ameona bikoni.
- Kuna mkataba wa maandishi.
- Jina kwenye skrini ni lile lile lililo kwenye mkataba.

Kama hata moja bado, weka simu mfukoni. Na kumbuka, hakuna mfanyakazi wetu, ajenti wa ardhi wala wakili anayehitaji PIN yako ya malipo ili kukuuzia nyumba. Hiyo ni yako peke yako.

Mtumie makala hii yule ndugu anayesema ameshapata ploti Suneka na anasubiri tu mshahara uingie. Aisome kabla ya mwisho wa mwezi.